Rungu Mapajani, Baiskeli Ukutani

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu Zagayu, wajukuu zangu, mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mizani yao inanyonya uzito wa watu. Ukijipima, kilo zako zinabaki humo, tajiri anakwenda kuziuza pamoja na pamba. Msicheke. Tulikuwa tumezoea mzani mmoja tu wa ushirika, mkuukuu kama babu yangu. Hii mipya iling'aa mno, na kitu kinachong'aa hivyo hatukukiamini.

Nakumbuka siku niliposimuliwa kwamba hata Kabula, binti yangu wa miaka minne, alitiwa ndani ya gunia akaning'inizwa kwenye ndoano ya mzani. Ulikuwa mchezo wa watoto wote pale kwenye kituo cha kununulia pamba. Mpimaji, kijana wa Mwamapalala aitwaye Maduhu, alitangaza kilo kumi na tano, watu wakacheka. Siku ya tatu mtoto akaamka mwili unawaka moto, hali, hanywi. Nilimtazama nikaziona kabisa kilo zikimtoka.

Sasa mjue, wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, msomi kuliko wote kuanzia kwetu hadi ziwani. Darasani tulikuwa na hadithi ya baba aliyemsaka kwa miaka mitatu mtu aliyemdhuru binti yake. Niliipenda hadithi ile mpaka nikawa natembea kama yeye. Nikaandika insha ya kurasa tisa kwamba baba asiyelipiza kisasi hana mapenzi. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini chini akaandika kwa kalamu nyekundu: "Baba nimemwona. Mtoto yuko wapi?" Swali lile liliniudhi wiki nzima. Mtoto wa nini tena, na hadithi ni ya baba?

Mama Kabula akasema mtoto analegea, tumkimbize hospitali mjini Bariadi. Nikamjibu kwamba kwanza nakwenda kumdai Maduhu kilo za mwanangu. Nikachukua rungu, nikapanda baiskeli. Ilikuwa baiskeli pekee pale nyumbani. Nilikwenda kasi hata mbwa wa njiani wakaona hakuna haja ya kunifukuza.

Maduhu hakuwepo kwao. Nilimkuta mama yake, bibi mpole, akaniitikia salamu, akanipa kigoda na kibuyu cha maziwa. Aliliona rungu, akaniongezea maziwa. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaketi na rungu mapajani, namsubiri mwanawe. Nikanywa maziwa yake yote. Wajukuu zangu, jua lilihama kutoka upande huu wa nyumba hadi upande ule, nami nimekaa palepale, najiona ninavyompenda binti yangu.

Alasiri akapita mtu akitokea mjini. Akamwambia bibi asimngojee Maduhu mapema, kwani amemwona kwenye lori la pamba amempakata mtoto mgonjwa, mama wa mtoto yuko kando yake analia. Watu wa lori walikuwa wamemkuta mama huyo anatembea kwa miguu njia ya Bariadi, mtoto mgongoni.

Rungu lilianguka lenyewe. Yule bibi aliliokota, akanirudishia. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze na kigoda chake.

Sijui nilifikaje Somanda, hospitali ya pale mjini. Nilimkuta Maduhu kwenye benchi la hospitali, shati limelowa jasho la mwanangu. Aliniamkia, "Shikamoo, baba Kabula," akasogea ili nikae. Muuguzi akatwambia ni malaria, dawa ameanza kupata, lakini mtoto angechelewa kidogo zaidi, yeye muuguzi asingeahidi lolote. Kabula akapona. Ndiye huyu mnayemwita shangazi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa wilaya mbili.

Nawaambia haya kwa kuwa nawasikia mkiwasifu wababa wa vitabuni wanaowasha moto mji mzima kwa ajili ya mtoto. Wasomeni, hata mimi bado nawasoma, na machozi yananitoka. Ila kila ukurasa mtafuteni mtoto. Mara nyingi baba akishashika silaha, mtoto hatajwi tena. Amebaki nyuma na homa yake, na kilio chake kimegeuzwa sababu ya baba kuonekana shujaa. Mkiwa wazazi, na hasira ikawajia mkadhani ndiyo mapenzi, kaeni kwanza kando ya kitanda. Mungu awape watoto, awape na subira ya kuwashika mkono wakiumwa, na adui yenu amkawize njiani kama alivyomkawiza wangu.

Jioni ile, pale kwenye benchi, nilijaribu kumweleza mke wangu habari za mizani na kisasi changu, kwa kirefu, kama insha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, bila hata ya kunigeukia, "Baba Kabula, mzani unapima uzito tu. Mtoto alihitaji baiskeli."