Mwanga Bila Filme

Wakati wa vita, sisi wapiga picha wa Kindu tulikuwa na namna yetu ya kumnyima mtu bila kumwambia hapana. Flashi ya kubandika juu ya kamera ina kitufe kidogo nyuma, cha kujaribia taa. Ukikibonyeza, mwanga unawaka vizuri kabisa, lakini kamera haijafanya kitu na filme haijasogea. Watoto waking'ang'ania, tuliwawashia. Mlevi tulimwashia. Askari aliyetaka foto ya bure na bunduki yake, naye tulimwashia, na akija kuidai tulimwambia filme iliungua, yaani iliingiwa na mwanga. Filme ziliungua kweli mara nyingi, kwa hiyo watu waliamini.

Nimechoka kujitetea, lakini ile shida ya filme lazima niiseme. Treni haikuja tena, na barabara zilikuwa zimefungwa. Filme za rangi, za pozi thelathini na sita, yaani picha thelathini na sita, zililetwa kwa ndege na mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini mwenye duka karibu na soko. Huyo huyo ndiye aliyezirudisha Goma kusafishwa zikishajaa, maana Kindu hapakuwa na mtu wa kuzisafisha. Filme ambayo haijajaa haikupanda ndege.

Asubuhi moja alikuja kwangu, mtaa wa Mikelenge, mtu aliyehamia karibuni kutoka Tunda. Nilimjua kwa salamu tu. Alikuwa na mke wake na binti yao mdogo, na baiskeli iliyofungwa chumvi na sabuni za kwenda kuuza Punia. Mke ndiye aliyetaka foto.

"Mbele aende," alisema, "tubakie na kitu."

Nilikuwa nimebakiwa na pozi moja tu kwenye filme, na nilikuwa nimeiahidi kwa ubatizo wa Jumapili, kwa watu waliokwisha kuja mara mbili kunikumbusha. Ningeweza kusema hivyo, wakaenda zao. Lakini yule mama alikuwa amempaka mtoto mafuta mpaka magoti, na mimi sikutaka maneno asubuhi ile. Nikawapanga, nikawaambia wasogeane, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Yule bwana akanishukuru, akasukuma baiskeli yake.

Hakurudi. Wapo waliosema aliuawa njiani, wapo waliosema alionekana machimboni. Mke wake alikuja kuulizia ile foto mpaka nikaanza kupita njia nyingine. Mwishowe nikamwambia iliungua.

"Njo vile, papa," alisema, akikubali. Tangu siku ile alinisalimia kwa upole kuliko zamani, na upole ule ulinichosha kuliko matusi.

Siku hizi kila mtu ana simu, na kazi yangu imebaki sura za vitambulisho, kitambaa cheupe nyuma ya kichwa. Mwaka huu aliingia mwanamke mmoja, mwalimu, nikamjua kwa macho ya mama yake. Alikuwa yule binti.

"Papa, mama alikufa," aliniambia. "Mbele akufe alisema foto yetu na baba iliungua kwako. Lakini nasikia hata filme yenye kuungua, sasa simu inaweza kuisoma kidogo. Negatifu iko?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nikamshushia mkebe wa negatifu zangu zote, nikidhani atachoka mapema. Alikuja Jumamosi tatu. Alikaa mlangoni penye jua, akiinua kipande kimoja kimoja, macho ameyakunja. Nilimfundisha kuzisoma, kwamba uso mweusi humo unakuwa mweupe, na nguo nyekundu inageuka rangi ya majani. Nilimfundisha kutafuta kitu nilichojua hakimo. Naona haya kuandika hivyo.

Jumamosi ya tatu akakipata kipande cha mwezi ule. Alimtambua bibi arusi mmoja wa mtaa wao, aliyeolewa siku chache kabla baba yake hajaondoka. Akafuata pozi mpaka ya mwisho.

"Na hii njo nini?"

Ulikuwa mlango wa nyumba yangu. Ule ubatizo haukufanyika, padri alishindwa kuvuka mto, na mfanyabiashara wa Goma alikuwa anapanda ndege mchana. Niliupiga mlango foto ili filme ijae, iende.

"Alafu sisi tuko wapi?"

Nikamwambia yote, kitufe na taa na uongo niliompa mama yake. Sikuwa na nguvu ya kupamba. Hakulia wala hakunitukana. Alifuta vidole kwenye kitenge.

"Sawa," alisema. "Lakini wewe njo ulisimama mbele yetu. Mimi nilikuwa mutoto, sina sura yake, na mama hayuko tena wa kuuliza. Baba alikuwa namna gani?"

Nilifumba macho nikatafuta. Niliyaona magoti ya mtoto, na gunia la chumvi na kamba iliyolifunga. Mtu anayepiga foto kweli huutazama uso, husubiri macho yafunguke na mdomo utulie. Mimi sikusubiri kitu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na akili yangu ilikuwa kwenye ubatizo wa watu.

"Sikumwangalia, mwanangu," nikamwambia.