Mdomoni mwa Kisima cha Nyanya Wambeti

Mwaniki wa Kanja aliogopa jambo moja tu duniani, nalo halikuwa nyoka, wala njaa, wala chifu. Aliogopa kuambiwa, "Ndugu Mwaniki, hebu tufungulie kwa maombi." Na kwetu Embu, mwajua wenyewe, hakuna kitu kinachofunguliwa bila maombi. Mkutano wa kahawa, maombi. Harambee, maombi. Hata wanaume watatu wakikutana kununua fahali, lazima atafutwe mmoja wa kuvua kofia. Kwa hiyo Mwaniki alijifunza kuchelewa. Alifika watu wakisema amina, akajitia kuhema kama mtu aliyekimbia sana, akaketi nyuma.

Si kwamba hakuwa na imani. La hasha! Aliamini mpaka mifupani. Jumapili alikuwa kanisani, Alhamisi alikuwa kwenye ushirika wa waliookoka. Huko ushuhuda ni kama salamu: unasimama, unataja jina lako, unasema umeokoka na unampenda Bwana, unaketi. Maneno hayo Mwaniki aliyajua kwa moyo, na hakukosea hata moja. Ukimtoa hapo tu, ulimi unakuwa kipande cha ubao. Na Mchungaji Muriithi naye alikuwa haachi kuwaambia kwamba muumini hapangiwi saa ya kuulizwa juu ya tumaini lake, aweza kuulizwa shambani au njiani, na jibu liwe tayari. Kila akisikia hayo Mwaniki aliinama akatazama viatu vyake.

Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba. Rafiki yake Nthiga alichimba visima, Mwaniki akasimama juu akizungusha ule mti mnene wa kuviringishia kamba, akitoa udongo ndoo baada ya ndoo. Walikuwa wametahiriwa msimu mmoja, wakaoa karibu mwaka mmoja, na kijijini ukimtaja mmoja ulikuwa umemtaja mwenzake. Lakini kanisa lilikuwa kati yao. Nthiga akiwaona watu wa ushirika wakipita, huwaigiza: atakunja uso, atatikisa mikono juu, mpaka wanawake wa sokoni washike mbavu. Mwaniki naye alicheka. Alicheka huku moyo ukimchoma, halafu akaenda nyumbani akajilaumu mpaka usingizi ukamkimbia.

Tena Nthiga alikuwa na sheria yake ya kazi. Mtu akiwa chini, aliye juu hasemi naye habari nyingine. Ni shusha, vuta, simama, basi. Habari za ng'ombe na za watoto zibaki juu, maana mchimbaji akianza kuwaza mambo ya juu mkono unakosea. Mwaniki aliipenda sheria hiyo kuliko Nthiga mwenyewe. Ilikuwa kichaka chake. Atamwambiaje mtu habari za wokovu, na sheria ni sheria?

Haya, ukaja ule mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada. Mvua ilikataa kabisa. Visima vikakauka hata huku kwetu mlimani, na kila mwenye kisima akataka kiongezwe kina. Nyanya Wambeti, mjane mwenye kisima cha zamani kuliko wanawe, alimwita Nthiga. Nthiga akateremka asubuhi na sururu yake, akachimba vizuri, akatoa ndoo kadhaa za udongo mkavu, halafu ndoo moja yenye unyevu. Nyanya akapiga vigelegele. Hata hajamaliza, ukuta wa chini ukameguka.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia linalotupwa sakafuni. Mwaniki aliita, akaita tena, vumbi likimpanda usoni. Mwishowe sauti ya Nthiga ikaja, nyembamba: "Usivute! Usivute kamba! Nimefukiwa mpaka kiunoni. Na usipige kelele, udongo unasikia."

Nyanya Wambeti alitaka kupiga mayowe, Mwaniki akamziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima kama yule, Mungu amsamehe. Akamwambia kwa kunong'ona, "Nyanya, watu waletwe polepole. Ndambiri wa Manyatta aje, ndiye mchimbaji mwingine. Mchungaji naye aje na mbao za kanisa, tuzuie kuta." Ajuza yule akakaza leso kiunoni, akaondoka mbio.

Mwaniki akalaza mbao mbili juu ya mdomo wa kisima, akalala juu yake kifudifudi asije akakanyaga ukingo ukaporomoka. Chini aliona giza, na ndani ya giza kitu cheupe, nacho kilikuwa kipara cha Nthiga kilichojaa vumbi. Tangu hapo kazi ilikuwa kungoja. Kuna mateso gani, jamani, kama kungoja na huku huna la kufanya kwa mikono?

"Mwaniki," sauti ikaja.

"Naam."

"Udongo unanibana. Nikivuta pumzi, unakaza. Leo sitoki."

"Utatoka. Watu wanakuja."

"Usinidanganye kama mtoto. Sikiza. Wewe unaenda kanisani miaka yote. Niambie kitu."

Mwaniki aligeuza kichwa akatazama njiani. "Mchungaji anakuja," akasema. "Yuko njiani na mbao. Atakueleza vizuri."

"Mchungaji hajawahi kunivuta hata siku moja. Nimekuuliza wewe."

Basi Mwaniki akameza mate, akafunga macho, na yale maneno ya Alhamisi yakatoka yenyewe. "Bwana asifiwe. Jina langu ni Mwaniki, natoka hapa Kanja. Nimeokoka, na nampenda Bwana..."

"Ebo!" Nthiga akakohoa chini. "Jina lako silijui? Tumelala wawili jandoni kwenye jani moja la mgomba tukivuja damu, leo unajitambulisha kwangu? Na mimi natoka wapi, Mombasa?"

Mwaniki aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angekuwa amesimama, angekimbia. Akajaribu tena, akakumbuka kitu kimoja kilichompendeza siku moja kanisani kwa sababu kilikuwa cha kazi yao. "Kulikuwa na nabii," akasema, "jina limenitoka. Wakubwa walimtupa kwenye kisima cha matope. Akaja mtu mmoja mgeni, akamtupia kamba, lakini kwanza akamtupia nguo kuukuu. Akamwambia azitie makwapani, kamba isimchune."

"Nguo makwapani?"

"Ndiyo."

"Huyo mtu aliijua kazi," Nthiga akasema, na ilisikika kama anatabasamu. Kisha tabasamu likamwisha. "Lakini mimi sitaki hadithi ya kisima. Kisima niko nacho. Nataka kujua hivi. Siku ile tulipomzika Marcella wako, mimi ndiye niliyechimba. Nilikuangalia. Kila mtu alikuwa analia, na wewe ulishika mkono wa mkeo, ukasimama. Nikasema moyoni, huyu ana kitu. Ni kitu gani kilikushika?"

Mwaniki hakutarajia hilo. Hakuna mtu aliyemtajia Marcella tangu mwaka ule wa surua, kwa kuwa kwetu mtoto aliyekufa hatajwi ovyo mbele ya babake. Alitamani mchungaji atokee saa hiyo hiyo, hata bila mbao.

"Mbona hukuniuliza siku hiyo?" akasema.

"Wewe mbona hukuniambia?"

Mwaniki alilia. Chozi likaanguka kisimani, akaogopa hata hilo lisije likabomoa kitu. "Nilikuogopa," akasema. "Niliogopa utacheka. Utaniigiza sokoni kama unavyowaigiza wale."

Pumzi ya Nthiga ilisikika, fupi fupi, kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo. "Ningecheka, ndiyo," akasema. "Ningekucheka sana. Lakini ungeniambia."

Neno hilo lilimwingia Mwaniki vibaya kuliko lawama zake zote za usiku. Akauma ubao aliolalia. Udongo kidogo ukamwagika ukutani, shaa, na wote wawili wakanyamaza mpaka ulipokoma.

"Basi nisikize sasa," Mwaniki akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa yake. "Siku ile hukuniona vizuri. Mimi sikuwa nimesimama. Miguu ilisimama, mimi nilikuwa chini, Nthiga. Chini kuliko ulipo wewe. Watu walikuja na uji na maneno mazuri, wote wakanisemesha kutoka juu. Hakuna lililonifikia. Hata maombi sikuweza. Lakini kule chini sikuwa peke yangu. Sijui nikuelezeje. Kulikuwa na mtu pamoja na mimi."

"Nani?"

"Yesu." Alilitamka jina bila Bwana asifiwe, bila kitu, kama anavyomtaja jirani. "Mimi nilidhani Mungu ni wa kushika kamba huko juu kama ninavyoshika mimi. Kumbe sivyo. Yeye aliteremka mwenyewe. Alizaliwa huku kwetu, akachoka, akalia kaburini kwa rafiki yake, akauawa, akatiwa ardhini kama mtu yeyote. Aliteremka mpaka mwisho, Nthiga. Halafu..."

Ukuta ukameguka tena.

Safari hii mlio ulikuwa mkubwa. Vumbi lilimjaa Mwaniki macho na kinywa. Lilipotulia, kile kitu cheupe hakikuonekana. Aliita kwa kunong'ona. "Nthiga. Nthiga wee." Akaacha kunong'ona, akaita kama mtu anayeita kijiji kizima. Kisima kilikuwa kimya kabisa.

Watu walifika wakamkuta hivyo. Ndambiri alikuja na vijana wake wa Manyatta, Mchungaji Muriithi akaja na mbao za kanisa kwenye pikapu ya mwalimu mkuu, na nyuma yao Mama Njoka, mke wa Nthiga, asiye na kiatu hata kimoja. Mchungaji alilala ubaoni kando ya Mwaniki, akasikiliza, akamshika bega. "Ulikuwa unasema naye?"

"Nilichelewa, Mchungaji. Nilianza kwa kujitambulisha. Nikapoteza wakati kwa nabii. Nilikuwa nakaribia sasa hivi, kitu kikuu sijasema."

Mchungaji hakumhubiria. Alisema tu, "Basi endelea kusema. Sisi tutateremsha mbao." Na Mwaniki akajaribu, kweli akajaribu, lakini kulisemesha giza lisilojibu, mbele ya watu hamsini, hakuweza. Alilala pale midomo ikicheza bila sauti.

Ndambiri aliteremka, mbao baada ya mbao, akizuia kuta kabla ya kugusa udongo. Kazi ya namna hiyo haiharakishwi, nani asiyejua. Kila ndoo iliyopanda, Mama Njoka aliichungulia kama anayetarajia kumwona mumewe ndani yake. Jua lilipita katikati, likaanza kuinama kuelekea Manyatta. Mwaniki aliurudia mti wake, akazungusha, akazungusha, mikono ikachubuka, akakataa kupokewa. Kichwani alikuwa na wazo moja tu lililomtafuna: kama Nthiga amekufa, amekufa katikati ya sentensi yangu. Miaka yote ile nilikuwa naye. Tulikula ugali mmoja.

Ndipo Ndambiri akaita kutoka chini, "Simama!" Kisha, "Kuna ubao wa zamani wa ukutani umelala juu yake! Umemwekea nafasi ya kichwa! Anapumua!"

Mama Njoka akakaa chini palepale kwenye udongo. Watu wakataka kushangilia, mchungaji akawatuliza kwa mikono miwili, kwa sababu ya udongo.

Walimtoa alasiri. Alipanda taratibu akiwa amefungwa kifuani, mguu mmoja umegeuka upande usiofaa, mwili wote rangi moja na ardhi. Huwezi kujua nguo ni ipi na ngozi ni ipi. Walimlaza kwenye mlango wa nyumba ya Nyanya Wambeti uliong'olewa bawabani, wakaubeba mpaka kwenye pikapu, aende hospitali mjini. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka gari. Wanawake wa sokoni walikuwepo, wale wale waliokuwa wakishika mbavu. Ushirika wa Alhamisi nao ulikuwepo. Mama Njoka alipanda akampangusa macho mumewe kwa leso, na macho yakafunguka.

"Mwaniki yuko wapi?" Nthiga akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

Watu wakasogea, njia ikafunguka, na Mwaniki akajikuta ameachwa peke yake katikati, viganja vinatoka damu. "Niko hapa."

"Panda."

Akapanda. Akapiga magoti kwenye chuma cha pikapu. Wote walikuwa wanamtazama, mchungaji, soko, ushirika, na dereva ameacha kuwasha gari. Nthiga akamshika shati kwa mkono uliojaa udongo, akamvuta karibu, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote, hakujali nani anacheka.

"Ulisema aliteremka mpaka mwisho," akasema. "Halafu?"