Viko Kumi na Kimoja

Askari walivipanga uani kwenye mkeka, asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya mihogo. Viko vya tumbaku, kumi na kimoja, vyote vya baba yangu. Komanda alikalia kiti chetu cha wageni. Alikuwa na saa kubwa ya fedha, na alivihesabu kwa ncha ya fimbo kama mtu anayechagua samaki.

"Mzee, mutu moja anavutaka na viko ngapi?"

"Moja, komanda."

"Na hizi kumi?"

"Ni zangu pia. Ni za kuangalia."

Askari walicheka. Mmoja mwenye buti nyekundu alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta. "Za kuangalia! Sikia mzee! Kwani ni televizio?"

Komanda hakucheka. "Kila kiko iko na kinywa yake. Vinywa kumi iko wapi?"

Baba alirudia kwamba ni vyake. Yule wa Buti Nyekundu akakanyaga cha kwanza, cha udongo, kikapasuka. "Ya nani?" "Yangu." Akakanyaga cha pili. "Ya nani?" "Yangu." Cha tatu kilikuwa cha mti mgumu, kilikataa kuvunjika chini ya buti. Akakasirika, akakipiga na kitako cha bunduki mara nne. "Ya nani?" "Yangu, baba, yangu." Mzee wa mvi anamwita kijana yule baba. Hilo nalo nililisikia.

Komanda akamnyooshea fimbo kaka yangu mkubwa. Alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. "Basi tupunguze vinywa," akasema. Buti Nyekundu akampiga risasi ya kinywani.

Ndipo baba akageuka kwa jirani yetu. Ndiyo, jirani yetu alikuwepo. Alisimama kati ya askari, karibu na mlango wa jikoni, amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Baba akamwambia, "Ndugu yangu, we unajua. Waambie."

Wote wakamwangalia. Hata komanda alingoja.

Jirani yetu akasema, "Bantu ba msitu banakulaka hapa. Viko ni yabo."

Baada ya hapo walimuua kaka yangu wa pili, halafu baba. Baba walimuua kwa panga, naye alikufa polepole. Risasi zilikuwepo. Panga walilichagua.

Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya lundo la mihogo, nimejifunika magunia, jicho kwenye ufa wa matete. Mama alikuwa shambani. Mambo mengine ya asubuhi ile siandiki, si kwa sababu nimeyasahau.

Majina pia siandiki. Mtu wa kwetu Fizi akisikia habari hii mpaka hapa, ameshajua jirani ni nani, na jirani mwenyewe atajijua.

Sasa nieleze habari ya viko, maana bila hiyo kifo chao kinaonekana kama wazimu tu, na hakikuwa wazimu.

Kwetu kiko hakiazimwi. Mate ya mwanamume yakishaingia kwenye ule mrija, kiko ni chake mpaka kaburini. Kumwomba mtu kiko chake ni kama kumwomba meno. Mwanamume aliyezoea kula nyumbani kwako huacha kiko chake hapo, kimechomekwa kwenye matete chini ya paa, ili asikibebe kila siku. Kwa hiyo ukiingia nyumba ya mtu unainua macho. Viko vitatu, wanaume watatu wanakula hapo. Hata mama mkwe akija kutembea, anaangalia paa kwanza, anajua apike ugali wa ukubwa gani.

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wake. Alipenda viko. Alilima mihogo, alikuwa na michikichi michache, hakuwa tajiri wala mkubwa wa chochote. Lakini akisikia mahali kuna kiko chenye umbo geni, alitembea siku nzima na kuku kwapani, akarudi bila kuku. Alikuwa na cha udongo mwekundu chenye uso wa mtu, alikuwa na cha pembe, na kimoja kilikuwa kirefu mpaka lazima ukae chini ukivute. Vingine hakuvivuta hata siku moja. Jioni alivishusha, akavipanga, akaviangalia. Ndiyo ilikuwa starehe yake.

Kuvisafisha ilikuwa kazi yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hiyo kazi niliijua. Unachukua bua la unyasi mkavu, unaliingiza kwenye mrija taratibu, unazungusha, linatoka na uchafu mweusi unaonata. Ukisukuma kwa nguvu, bua linavunjikia ndani, na hapo baba anakuita jina lako lote.

Mama alikuwa anamsumbua kila siku. "Mume yangu, unahitaji viko ngapi kweli?"

"Hii ya asubuhi. Hii ya shamba. Hii ya mvua. Hii ya kwenda kwenye kesi."

"Ni ine. Na ile saba?"

"Iko inapumzika. Kiko inachoka, kama ng'ombe."

Jirani yetu alikuwa anacheka hapo hapo, mdomoni kiko chake mwenyewe. Alikuwa fundi wa cherehani na mwimbishaji wa kwaya, rafiki wa baba tangu wote wakiwa na makamasi. Nilimwita baba mdogo. Yeye ndiye aliyemchochea mzee. "Kaka, kumi na moja ni aibu. Tafuta ya kumi na mbili, ukuwe na mitume yote." Na kile cha tisa alikileta yeye, kutoka mji wa Baraka, kilikuwa kimepasuka shingoni, akakifunga pete ya shaba kwa mkono wake ili kisiachane. Nakumbuka alivyokaa mlangoni kwetu akiizungusha ile waya kwa koleo, ulimi nje kama mtoto anayeandika.

Alijua. Kila kiko alikijua.

Vita ya pili ya nchi yetu ilipofika kwetu, askari wa uasi walikamata watu barabarani na kuwauliza nyumba zinazolisha wapiganaji wa msituni. Walimkamata mtoto wa kiume wa jirani yetu. Hilo nalikubali, siongopi. Walimfunga kamba kwenye gari. Wakamwambia baba yake, onyesha nyumba moja, mtoto anafunguliwa. Akaleta askari kwetu. Wakainua macho, wakaona viko kumi na kimoja kwenye matete. Hakuhitaji kusema mengi.

Mchana wake jirani alirudi na jembe. Mama alikuwa ameshatoka shamba, amekaa chini kati ya maiti zake tatu, halii, anafukuza nzi tu. Yule mtu alilia kwa sauti kuliko sisi. Akachimba makaburi yote matatu mpaka viganja vikachubuka. Akavua shati lake akafunika uso wa kaka yangu, ule ambao haukuwa tena uso. Mimi sauti ilikuwa imenikatika. Sikuongea mpaka tukavuka ziwa, na hata baada ya hapo ikapita miezi mingi. Mama alimwona mtu wa jembe. Mtu wa mlangoni nilimwona mimi peke yangu.

Tulipita Tanzania, tukafika Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tukafyatua tofali zetu, tukajenga. Jirani alifika baadaye, akaenda kukaa Lilongwe, mtaa wa Area 25. Ana duka la kushona sare za kwaya, anahubiri, anaheshimiwa. Kila akipata mtu anayekuja kambini anamtumia mama sukari. Mama anamwombea.

Na baba yangu, mama hamwombei. Hapo ndipo penyewe. Siku ya kuombea marehemu kanisani, kila mtu anasoma majina ya watu wake. Mama anataja wanawe wawili, halafu anakaa. Mwaka wa kwanza nilidhani amesahau. Nilipomgusa akaniambia, hata bila kushusha sauti, "Viko vyake njo viliua batoto yangu. Angekuwa na moja, bangekuwa hai."

Nilimweleza nilichokiona. Alinipiga kofi mbele ya watu. "Mutu alichimba kaburi na mikono yake! We ulikuwa mutoto, ulikuwa umerukwa na akili." Sikumlaumu sana. Mtu akishakupa shati la kumfunikia mwanao, utaamini vipi?

Viko nilianza kukusanya hapa hapa Dzaleka, bila kupanga. Bibi mmoja Mrundi alifariki, wajukuu wakatupa vitu vyake jalalani, nikaona kiko cha udongo kimelala juu ya maganda. Nikakiokota, nikatafuta bua la unyasi, nikakisafisha. Mikono ilikuwa inakumbuka. Nikasema kimoja kinatosha. Halafu nikasema vitatu, kwa hesabu ya marehemu wangu. Halafu nikaona chenye uso wa mtu.

Malawi wanalima tumbaku mpaka nyuma ya kambi, lakini wanaiviringisha kwenye gazeti, kiko ni shida kukipata. Nilikuwa nikienda Lilongwe kununua vitambaa, kwa maana na mimi nashona, naingia kwa wauza vinyago nauliza. Wananiangalia. Mwanamke! Nilivipanga juu ya cherehani yangu, na wateja wakaanza.

"Dada, we unavutaka?"

"Hapana."

"Ni ya bwana?"

"Sina bwana."

"Sasa yote hii ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Nilikuwa nimesema maneno ya baba, na sauti ilikuwa yake. Yule dada aliendelea kucheka, akashika kitambaa chake, akatoka, na mimi bado nimekaa.

Mama alipoona cha tano alikitupa nje. "Unataka batuue tena?" Nikakiokota, nikakirudisha. Tuliishi hivyo. Yeye anatupa, mimi naokota, na chakula tunakula sahani moja.

Mwaka huu moyo wake umechoka. Nilimpeleka hospitali ya Likuni, nesi akaniita pembeni, akanishika mkono, nikaelewa. Nilipomfikisha kwa dada mmoja wa kwetu apumzike, nikaenda Area 25. Kwenye mfuko nilikuwa na kiko cha mti mweusi nilichokipata kwa mchonga vinyago. Siku hiyo upepo ulikuwa unaleta harufu ya tumbaku kutoka maghala, mtaa mzima unanuka kama koti la baba.

Alinipokea vizuri. Alinipa kiti, akamtuma mtu soda.

"Karibu, mtoto yangu. Mama anaendelea je? Sukari ilifika?"

"Ilifika, baba mdogo."

Nikaweka kiko juu ya vitambaa, mbele ya sindano. Cherehani ikanyamaza.

"Nini hii?"

"Umesahau? Ile ulimletea baba kutoka Baraka."

Akakishika, akakigeuza, akapitisha kidole shingoni. "Hapana. Ile ilikuwa na pete ya shaba hapa. Mi mwenyewe njo nilimufungia..." Akaishia hapo. Akakiweka chini kama kinaungua.

"Kumbe unakumbuka."

"Mtoto yangu, mambo ya vita..."

"Nilikuwa nyuma ya mihogo, baba mdogo. Ulikuwa umevua kofia."

Soda ikaletwa, ikafunguliwa, povu likaanza kuisha. Kisha akasema, "Balikuwa bamemufunga mtoto yangu kwa gari."

"Najua. Mtoto wako iko wapi?"

"Iko Blantyre. Ameoa."

"Kaka zangu hawakuoa."

"Mi niliitika tu. Walikuwa wameshaona viko."

"Baba alikuambia, waambie. Wote walinyamaza wakusikie. Hata komanda."

Akanikasirikia, kweli, jicho likawa jekundu. "Miaka yote unajua, na munakula sukari yangu?"

"Mama njo anakula. Mi nakunywa chai bila sukari. Uliza mtu yeyote kambini."

Nikamwambia nimekuja kwa jambo moja. Polisi sitaki, na fidia sitaki. Aje Dzaleka amwambie mama aliyosema mlangoni. Akasema mama ni mgonjwa, nitamuua kwa habari hiyo. Nikamwambia anakufa hata hivyo, ila anakufa akimchukia mume wake. Akainamisha kichwa. "Nitakuja siku ya posho, nikimaliza kwaya." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi.

Jumamosi nilifagia, nikachemsha maji. Alasiri ikaja kabaza, mwendesha baiskeli akashusha mfuko. Sukari, kilo mbili. Mama akasema, "Angalia vile anatupenda."

Basi naandika. Nimeomba kijikaratasi hiki kisomwe kwenye makanisa yetu, hapa kambini, na kule Lilongwe mtaa wa Area 36 na Area 25 anakohubiri yeye.

Komanda wa saa ya fedha na yule wa Buti Nyekundu, sijui waliko. Wakiwa hai, damu ya watatu iko juu yao, na mimi bado ninazijua sura zao. Lakini wewe, baba mdogo, najua mlango wako.

Nanyi wa kambini mlikuwa mnaniuliza viko vyote hivi ni vya nini, nahitaji vingapi. Nimeshaamua. Ni kumi na kimoja, havipungui wala havizidi, na vyote ninavyo sasa, vimepangwa kwenye mkeka mbele ya kitanda cha mama. Hakuna cha kupumzika hapo. Njoo, baba mdogo, ukae chini, uvihesabu kwa kidole mbele yake, na kwenye kila kimoja useme kilikuwa cha nani. Ukipenda anza na cha tisa. Pete ya shaba nimeshakifunga, kama ulivyofunga wewe. Mama bado anasikia. Njoo ujibu.