Maji ya Taa

Maji yaliyokuwa yakiwasha taa ya chumba cha kuzalishia, pale Kibua, tuliyapikia maharage.

Betri ya kituo cha afya ilikuwa imekufa, na vita vilikuwa vimefunga barabara ya kuletea nyingine. Paneli ya sola ilikuwa nzima, ila umeme wake haukuwa na pa kukaa. Kaka yangu, mwalimu wa fizikia, akaanza kutengeneza makopo ya kuhifadhi chaji: mabati mawili madogo katika kila kopo la plastiki, yameshindiliwa unga wa makaa, kipande cha blanketi katikati, na maji ya kupitisha chaji. Kwanza alitumia maji ya chumvi. Yalikula bati mpaka likatoboka. Akajaribu maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo kwetu hulainisha maharage. Bati halikushika kutu. Alipoondoa blanketi akaweka bendeji nyembamba, mabati yakakaribiana na taa ikadumu. Mimi, mkunga, nilizalisha mama mmoja usiku nikiona mikono yangu.

Kisha watu wakashuka kutoka Masisi wakikimbia, wakajaa katika madarasa ya shule ya kaka. Walikuwa na maharage makavu, lakini kuni zililowa, na migomba ya jirani ilikuwa imekwisha kukatwa. Watoto walikula maharage nusu mabichi, wakaharisha. Wanawake wakamwendea kaka kumwomba maji ya makopo yake.

“Mwalimu,” akauliza mmoja, “umeme yako tutaikula na chumvi ao bila chumvi?”

Wenzake wakacheka. Nilimkumbusha kaka kwamba palikuwa na mama mwenye mapacha, siku zake zimetimia, na wa pili amekaa vibaya. Akawaambia wanawake kwamba maji yale ni salama, hayakugusa kitu ila makaa, kitambaa na chuma, kisha akanigeukia.

“Dada, ule wa mu tumbo atangoja. Hawa hapana.”

Akayachuja, akayamimina yote sufuriani. Maharage yaliiva upesi. Yalikuwa na ladha ya makaa, na hakuna aliyebakiza.

Asubuhi iliyofuata alichukua gunia tupu, akaelekea Buleusa kutafuta maganda ya ndizi ya kutengenezea maji mengine. Mchana, mvua ikiwa imetia giza, uchungu wa yule mama ukaanza. Pacha wa kwanza nilimpokea kwa kupapasa. Wa pili sikumwahi.

Kaka hajarudi. Kila anayefika kutoka Buleusa namuuliza. Mmoja tu alisema ameona gunia kando ya njia, limejaa, na halina mtu.