Anga Juu ya Nyumba ya Mzee Idris

Siku ya mwisho ya kawaida ninayoikumbuka ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa napika ugali. Mama yangu alikuwa amenitumia unga kutoka Turbo, Kenya, kwa mkono wa nesi mwenzangu aliyetoka likizo. Mzee Idris, mwenye nyumba wangu, alikuwa ameapa kwamba hatakufa kabla hajauonja tena. Alisomea Nairobi ujanani, na Kiswahili alichobaki nacho kilimtosha kunisalimia, kunitania na kuulizia ugali.

Nilikuwa nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, katika hospitali ndogo ya mji ule. Nchi yenyewe sitaitaja kwa sababu ndugu zake Mzee bado wako huko. Nilitoka Eldoret kwa mkataba wa kazi, nikapanga chumba cha uani kwake. Mkewe, Mama Amna, alinipokea kama mtoto aliyepotea akarudi.

Mchana ule Yasir alikuja kula. Alikuwa mtoto wao wa pekee, rubani wa ndege ya kivita katika kambi iliyokuwa nje kidogo ya mji. Baba yake naye alikuwa afisa mstaafu wa jeshi hilohilo la anga, na miaka yake ya mwisho aliimaliza katika ofisi ya mipango. Hawangeweza kukaa kwenye sinia moja bila kubishana, na ubishi wao ulikuwa uleule.

"Ndege moja ya huyu," Mzee aliniambia akimega ugali, "na mafuta yake, na vipuri vyake, na mafundi wake. Kwa gharama hiyo tungeuzungushia mji huu makombora ya kutungua ndege. Niliwaambia ofisini, wakacheka."

"Hawakucheka, Baba. Walikuuliza swali, ukakosa jibu."

"Swali gani?" nikauliza.

"Kombora linakaa likingoja, Sista," Yasir akasema. "Adui akipita upande mwingine, litamfuata? Ndege inamtafuta alipo. Leo iko hapa, kesho iko mpakani."

"Na ikiwa chini inatiwa mafuta," Mzee akasema, "nani anailinda hiyo ndege yenyewe?"

Yasir alicheka. "Sista, mwongezee mboga huyu, anyamaze."

Mama Amna alitingisha kichwa tu. Waasi waliokuwa wakipigana na serikali walikuwa bado mbali kusini, na sisi tulikuwa tunawasikia redioni kama mtu anavyosikia habari za mvua ya kwingine.

Droni ya kwanza ya waasi ilikuja asubuhi moja nikiwa najiandaa kwenda kazini. Sauti yake ilikuwa kama pikipiki inayopanda mlima, isipokuwa ilitoka juu. Nilitoka uani kuangalia. Mzee alinivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Mlipuko ulitokea upande wa kambi.

Kisha moshi mweusi.

Yasir alipiga simu, akasema yuko salama, ghala la mafuta ndilo lililoungua. Kabla ya jioni ndege zote zikaruka, moja baada ya nyingine, zikahamia kambi nyingine mbali mashariki zisije zikachomewa chini. Mzee alisimama uani mpaka ya mwisho ikapotea.

"Wamefanya sawa," alisema. "Hata mimi ningewaambia waziondoe. Lakini sasa angalia juu. Kuna nini?"

Hakukuwa na kitu.

Kuanzia hapo tuliishi na hofu ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajaionja. Tulichukia anga safi. Tukiamka tukakuta vumbi limefunika jua, tulishukuru Mungu, kwa sababu siku za vumbi droni hazikuja. Mama Amna aliacha kuanika shuka nyeupe. Nyumbani Kimumu, mtaa wa Eldoret, ndugu yangu Barasa alikuwa akinipigia, ananiambia nirudi, na mimi namwambia barabara imefungwa. Nilikuwa nakata simu mapema, kwa sababu nikiongea sikuweza kusikiliza juu. Hospitalini, katikati ya upasuaji, daktari alikuwa akisimamisha mkono wake hewani, na sisi sote tunanyamaza pamoja naye mpaka ile sauti ipite. Mgonjwa amelala hajui lolote. Nilimwonea wivu.

Siku jeshi lilipoleta mtambo wa makombora, wanawake walipiga vigelegele barabarani. Askari waliuegesha kwenye uwanja wa shule nyuma ya hospitali. Kiongozi wake alikuwa Luteni Hatim, kijana mwembamba ambaye huku kwetu ungedhani ametoka Form Four juzi. Haukupita muda akaiangusha droni moja shambani. Tuliruka tukakumbatiana na watu tusiowajua.

Mzee Idris hakujisifu. Aliwapelekea askari wale chai, nami nikambebea birika. Akamuuliza Luteni, "Ndege zetu zikija, mtazijuaje?"

"Tunapigiwa simu kutoka makao makuu, Mzee."

"Na mtandao ukikatika?"

"Wamesema wataleta redio."

Tulirudi nyumbani na birika tupu.

Siku moja mtandao ulikuwa umekufa tangu asubuhi. Adhuhuri ilikuwa imepita. Nilikuwa zamu ya alasiri, nafunga viatu mlangoni, Mama Amna yuko karibu yangu anachambua dengu. Sauti ikaja, nzito, ya kupasua.

"Hiyo si droni," akasema. "Hiyo ni Yasir."

Kwake kila ndege ilikuwa Yasir. Nilitabasamu.

Kombora lilipanda kutoka nyuma ya hospitali.

Mstari mweupe. Mwanga. Ndege ikavunjika juu ya mashamba.

Mama Amna alisimama, dengu zikamwagika.

Nilikimbia kazini kwa sababu sikujua pengine pa kukimbilia. Machela ilipoletwa, sare ilikuwa ya jeshi letu. Daktari alisoma jina kifuani, akanitazama, kwa kuwa alijua naishi wapi. Hakukuwa na upasuaji wa kufanya. Nilimsafisha Yasir uso kwa mikono yangu, nikamfunika. Halafu nikavua aproni nikaenda nyumbani kuwaambia. Nilitembea polepole. Nilitaka wawe na mtoto kwa muda kidogo zaidi.

Baadaye tulijua kwamba injini yake ilipata hitilafu vitani, akaamua kuja kutua kwenye kambi ya nyumbani. Redio yake ilikuwa nzima. Aliwaambia wakubwa wake. Wakubwa walipiga simu isiyoshika.

Luteni Hatim alikuja matangani peke yake, bila kofia. Watu waliinuka. Mzee akawaashiria wakae.

"Ni mimi niliyefyatua," Luteni akasema.

"Ulipigiwa simu?"

"Hapana."

"Ulimwonaje?"

"Alikuja akiruka chini, moja kwa moja, upande wa hospitali. Nikafikiria wagonjwa."

Mzee akamsogezea kikombe cha chai. Yule kijana alikishika kwa mikono miwili.

Mama Amna alikuwa upande wa wanawake na alisikia kila kitu. Aliniita, akaninong'oneza, "Mwambie asiache kufyatua. Mji una watoto wa watu."

Nilimfuata Luteni hadi langoni nikamwambia. Aliinamisha kichwa. "Mwambie Mama nimesikia," akajibu.

Lakini ile redio haikuletwa. Na siku chache baadaye kitu kikatokea tena kwenye rada, asubuhi, kikiruka chini. Askari aliyekuwa naye alitusimulia. Alisema Luteni alikuwa tayari, kidole kiko mahali pake, akawa anarudia, "Ngojeni. Ngojeni tuhakikishe."

Nilikuwa thieta. Sauti ya pikipiki ilipita juu yetu, daktari akasimamisha mkono.

Ikaenda mbele.

Ikanyamaza.

Ilianguka mtaani kwetu. Mzee alikuwa ametoka kununua mkate. Mama Amna alikuwa uani.

Tulimzika Mama Amna kando ya mwanawe siku hiyohiyo, kwa haraka, huku waombolezaji wakiangalia juu zaidi kuliko kaburini. Barabara ya mpakani ilipofunguka kwa muda, tuliondoka na Mzee kwa basi. Mpaka leo anaishi nami hapa Kimumu. Majirani wamemzoea. Wanamwita Mzee, wanampelekea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, anakunywa kwa adabu bila kuyapenda.

Barasa alikuja juzi akitokea Cheptiret, akamkuta anasikiliza redio. Kulikuwa na mjadala wa silaha za nchi fulani.

"Mzee, wewe ni mtaalamu," Barasa akasema. "Nchi ikiwa na pesa kidogo, inunue ndege ama makombora?"

Niliogopa swali hilo litamvunja. Lakini alilijibu kama mtu wa ofisi.

"Makombora kwanza. Bado nasema hivyo. Yasir naye alisema kweli, kombora haliwezi kumfuata adui alipo. Nilibishana miaka mingi ni kipi kinunuliwe, na wenzangu wakabishana nami. Vyote vikanunuliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza rubani na yule wa makombora wataongea vipi."

Barasa akazima redio.

Mimi nimejaribu kumchukia Luteni Hatim nikashindwa. Mara ya kwanza alifyatua kwa ajili ya wagonjwa wangu. Mara ya pili alingoja kwa ajili ya Yasir mwingine. Ningekuwa kwenye kiti chake, mara zote mbili ningefanya alivyofanya, na Mama Amna na mwanawe wangekuwa wamekufa vilevile.

Hatujui kama yuko hai. Ijumaa Mzee akitoka msikitini mjini huwa namngoja nje. Siku moja nilimuuliza huwa anawaombea nani. Akaniambia: Amna, Yasir, na yule kijana. Kisha akanishika bega, tukavuka barabara.