Jumatano za Anastasia Majini

Ukimtafuta Anastasia siku ya Jumatano nyumbani kwake Queensbury, utagonga mlango mpaka mkono ufe ganzi. Hayupo. Yuko majini. Amelala chali kwenye bwawa la ndani, maji ya uvuguvugu, masikio yamezama, na juu yake paa la kioo linapitisha mwanga mweupe usiojulikana ni wa asubuhi au wa jioni. Miguu ile ambayo kitandani ni mizito kama magunia ya mchele, humo inaelea yenyewe, inakwenda na kurudi, utadhani ni ya mtu mwingine aliyelala usingizi mtamu. Peris, msaidizi wake, anamshika kichwa kwa viganja viwili na kumsogeza polepole. Anastasia husahau kwamba ana mwili, husahau kwamba yuko Landani, na mara nyingine, Mungu amsamehe, husahau hata kwamba ana binti anayeitwa Angel.

Maradhi ya mishipa ya fahamu yalimkuta akiwa dereva wa basi, tena lile jekundu la ghorofa, binti wa Moshi anakata kona za mji huu huku anapiga mluzi. Yalianza vidoleni, yakashuka miguuni, kisha yakarudi mikononi kumalizia kazi. Mwanzoni kampuni ya walezi ilimletea kila siku sura mpya, na jioni za kiangazi walimlaza jua bado linawaka. Mtu mzima na akili zake, analazwa kama kitoto! Akachachamaa. Ndipo akaambiwa kumbe ipo njia nyingine: kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, inampa mwenyewe pesa za huduma, anamwajiri amtakaye, anapanga mwenyewe saa na kazi. Akamchukua Peris, Mkenya wa Nakuru mwenye maneno makavu na mikono laini. Na saa zake za Jumatano, bosi Anastasia akazipeleka bwawani. Nani wa kumwuliza?

Wa kumwuliza akapatikana. Kaunsili ilipiga simu kusema ofisa atakuja kutazama kama saa zote bado zinahitajika.

"Mama Angel, hawa watu wakiona umependeza tu, wanakata masaa," Peris alimwonya. "Siku hiyo sema ukweli. Sema hujiwezi."

"Nitasema."

Juma zima wakafanya mazoezi kwa Kiingereza. Peris alijifanya ofisa, na Anastasia alitaja asiyoyaweza moja baada ya jingine, bila kupepesa macho. Lakini siku yenyewe ilipofika, unadhani alikubali kukutwa na nguo ya kulalia? Thubutu! Mgeni anakuja, bwana. Nywele zisukwe, kitenge kipya kitoke sandukuni, maandazi yakaangwe, chai ya maziwa ichemke na tangawizi yake. Peris alifyonya, lakini bosi ni bosi.

Ofisa aliitwa Madhu, mwanamke wa makamo, mpole wa sura. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaja mpaka mbele ya kiti cha magurudumu, akainama, akasema kwa Kiswahili cha mama yake aliyezaliwa Kisumu, "Hujambo, mama? Habari za hapa?"

Jamani! Kiingereza cha juma zima kikayeyuka chote. Mtu akikusalimu hivyo, tena mgeni, tena ndani kwako, utamjibu nini? Utammwagia maradhi hata hajakaa?

"Sijambo sana, mwanangu. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Karibu, karibu chai."

Akishaanza hivyo, atarudi nyuma vipi? Unalala vizuri? Salama kabisa. Chakula? Tunakula, tunashiba. Na mchana ukiwa peke yako? Ah, sina shida, napumzika, naota ota. Hapo hakudanganya. Peris akishaondoka mchana, sebule inanyamaza, pazia linavuta pumzi dirishani, na Anastasia anafumba macho na kwenda zake.

Madhu alikula maandazi mawili, akasifu, akafuta vidole. "Nimefurahi, mama. Nilitegemea kumkuta mtu aliyezidiwa, kumbe unajiweza. Saa za Jumatano nadhani tunaweza kuziondoa, ziende kwa mwenye shida zaidi."

Anastasia akahisi maji yanashuka chini yake, yanamwacha na mgongo mkavu juu ya vigae. Aliogopa, na aliogopa kuliko hata siku daktari alipomtajia ugonjwa. Kule mlangoni mwa jikoni Peris alikuwa amemtolea macho kama anataka kumpiga. Na bado aliona aibu kumkatalia mgeni.

"Mbona hunywi chai yako?" Madhu akauliza. "Itapoa."

Kikombe chake kilikuwa pale mezani kwa heshima tu, maana mwenye nyumba hamwachi mgeni anywe peke yake. Angeweza kusema ameshakunywa. Alikuwa amebakiza kufungua mdomo tu.

"Siwezi kukiinua," alisema. "Naomba uninyweshe."

Peris akapiga hatua. Anastasia akamzuia kwa macho. Madhu akasogea, akainua kikombe kwa mikono isiyozoea, na chai ikachuruzika kidevuni mpaka kwenye kitenge kipya. Mgeni anamnywesha mwenye nyumba! Aibu ilimwunguza mpaka masikioni, lakini hakuacha. Alikunywa kwa pupa, akamaliza kikombe chote, na pupa ile Madhu akaiona.

"Peris akiondoka mchana, nani anakunywesha?"

"Ipo chupa, na mrija wake hapa begani."

"Na mrija ukiponyoka?"

Anastasia alitazama dirisha. "Nafumba macho. Najipeleka bwawani, nakaa humo mpaka Peris arudi jioni kunilaza. Kiu inakuwa mbali kidogo."

"Hutokea mara nyingi?"

"Siku nyingi."

Madhu akarudisha kikombe mezani. Kisha akasema Jumatano haiguswi, na kwamba ataomba saa za mchana pia, na wakubwa wake wakikataa atapambana nao yeye mwenyewe. Akavaa viatu vyake, akaaga taratibu, akaenda.

Peris hakushangilia. Alibaki amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Kila siku nikitoka nakuuliza kama uko sawa," alisema. "Kila siku, Mama Angel! Na wewe unaniambia, niko sawa, nenda salama."

"Nilikuwa nakuaga tu, mdogo wangu," alisema Anastasia.