Mutoto wa Kupita

Mimi, Orpha, ni mtu wa hasira, tena sijifichi. Mwaka ule wote nilikasirika kwa niaba ya Cathy, maana yeye mwenyewe alikuwa mvivu wa kukasirika.

Tulikaa benchi moja katika shule moja ya mtaa wa Makiso inayofundisha washauri wa magonjwa ya kurithi, watu wa kuwaeleza wachumba damu zao zikikutana zinaweza kuzaa nini. Hapa kwetu ugonjwa unaotisha zaidi ni ule wa damu tunaouita SS. Baba mzima, mama mzima, kila mmoja amebeba kipande chake bila kujua, kisha mtoto anapokea vyote viwili. Cathy alivipokea. Alizaliwa karibu na maporomoko ya mto, kwa wavuvi, na majirani wakamwita mutoto wa kupita, yaani mgeni wa siku chache tu duniani. Kila mara mifupa ilipomuuma, papa yake, Célestin, alimbeba mgongoni hadi hospitali, na walionong'ona njiani aliwajibu kwa sauti: "Mutoto wa kupita? Bon, anapita! Mutoke mu njia!"

Naye akapita kweli, darasa baada ya darasa, mpaka akavuka miaka thelathini na kuja kuomba nafasi shuleni kwetu. Mkuu wa shule, Docteur Augustin, alimsomea kanuni: mwanafunzi awe na afya njema.

"Mama, mushauri mugonjwa ataogopesha batu."

"Docteur, kila siku munafundisha ju ya batu ya SS. Moja akiingia mu classe, munaogopa?"

Akapokelewa kwa majaribio. Akishindwa mtihani wa vitendo, kanuni itabaki, na mtu wa SS asiombe tena. Tazama mzigo huo! Sisi wengine tukianguka, tunaanguka peke yetu.

Tulimwita Cathy Mayi, kwa sababu chupa ya maji haikutoka mkononi mwake. Mwili wake ukikauka, maumivu yanaanza. Wenzetu walimcheka, nami nikawacheka wao kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha tangu alfajiri, na baridi ni adui wa SS. Nilimwona akikanda goti.

"Rudia ku nyumba," nikamwambia.

"Nikirudia, nani ataingia tena?"

Mbele ya watahini walikaa wachumba wa kweli waliokubali kushauriwa, Ismaël na Chimène, wote wawili wabebaji wa ugonjwa huo. Cathy alimuuliza Ismaël ana ndugu wangapi.

"Kumi na saba."

Watahini wakainua vichwa.

"Donc, ba tumbo moja, papa moja?"

"Ah! Bale, bane tu."

Kumi na saba wakawa wanne! Tukacheka, hata Docteur. Kisha Cathy akawaeleza taratibu: kila mimba, mara moja katika nne, mtoto anaweza kuwa SS, na mimba ya kwanza haiikingi ya pili. Hakuwaambia waoane wala waachane. "Shauri ni yenu. Kazi yangu ni muone njia muzuri."

Chimène akauliza lile swali ambalo darasani sote tulilikwepa.

"Mama, mutoto wa SS anafika wapi?"

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mshauri hajitaji. Cathy alimtazama Docteur Augustin, akaweka chupa chini.

"Bengi banakufa badogo, sitakudanganya. Bengine, na dawa, na mayi, na papa wa kubabeba, banafika." Akasimama kwa goti linalouma. "Mimi niko SS. Banafika hapa."

Chimène alilia, akamshika mikono. Docteur Augustin alivua miwani, akaipangusa muda mrefu mno kwa miwani isiyokuwa na vumbi. Cathy alifaulu. Kanuni ile ikafutwa, na mwaka huu wanafunzi wapya wawili wana SS. Nawatisha kidogo ili wazoee hasira zangu.

Jioni ile ya mtihani goti lilimkataa kabisa. Tukampandisha kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mimi nikiisukuma pamoja na mwenye baiskeli. Papa Célestin, ambaye mgongo wake sasa haubebi mtu, alitangulia mbele katikati ya soko, akipunga kofia kama polisi wa barabarani.

"Mutoke mu njia!" akapaza sauti. "Mutoto wa kupita, amepita!"